Jodhpur na mama: yeye magoti yanamuuma, mimi nataka kupanda mwamba

Nabintu wa Nyawera, Bukavu

Jambo sana, bandugu.

Mdogo wangu anamaliza masomo Jaipur, kule India, na sherehe ya diploma iko mwezi wa kumi na mbili. Mama amesema haiwezekani mtoto wake avae joho bila mtu wa nyumbani kumpigia vigelegele, kwa hiyo tunaenda wote wawili. Baada ya sherehe tutakuwa na nafasi kidogo kabla ya kurudi. Mdogo wangu anataka tupande treni hadi Jodhpur, mji wa kale wenye nyumba za buluu na ngome juu ya mlima.

Kila nikitafuta habari za huko naletewa picha za viti vya wafalme na vioo. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya kiti cha mtu aliyekufa. Nilipanda volkeno ya Nyiragongo wakati njia ya Kibati ilikuwa wazi, nikalala kileleni meno yakigongana kwa baridi, na mpaka leo hiyo ndiyo safari ninayoisimulia. Nataka kutembea, kupanda, hata ule mchezo wa kufungwa mkanda na kuteleza hewani kwenye kamba ya chuma, maana nimesikia upo huko.

Mama naye ana miaka sitini na kitu. Magoti yake hayapendi ngazi. Ukimwacha hotelini peke yake, malalamiko yake yatasikika mpaka Uvira. Tena hali chakula asichokijua.

Kuna mtu wa kwetu aliyefika? Si habari za matangazo, nataka mtu aliyetembea kwa miguu yake.

---

Mzee Kapend, Lubumbashi

Binti yangu, mbona mnajitesa? Kutoka Jaipur nendeni Agra, muone Taj Mahal, mpige picha, mrudi. Mama atafurahi, kule ni tambarare. Mwende siku yoyote isipokuwa Ijumaa, siku hiyo wageni hawaingii. Huo mwamba utaukuta Kivu ukirudi.

---

Fundi wa Makoro, Goma

Dada Nabintu, jambo. Mzee Kapend, heshima yako, lakini mimi nilifika Jodhpur na nitakupinga kidogo.

Mimi ni fundi mwashi, naishi Majengo. Kazi yangu ni misingi na kuta za makoro, mawe yetu meusi ya volkeno. Nilifika India kwa kumsindikiza kaka yangu mkubwa aliyekwenda kutibiwa Delhi. Kati ya vipimo na majibu kulikuwa na kungoja, na kaka mwenyewe akanifukuza: nenda uone nchi, usikae hapa unanihesabia pumzi. Nikauliza watu wapi kuna mawe mazuri. Kijana wa nyumba ya wageni akanijibu bila kufikiri: Jodhpur. Kuna treni inaitwa Mandore Express, inaondoka Delhi jioni na kukufikisha asubuhi.

Sasa sikiliza kwa nini mji ule ni wako. Jodhpur imekaa juu ya volkeno. Usiogope, ule moto ulizimika zamani sana. Jiwe lenyewe lina umri wa miaka milioni 750 hivi. Wataalamu wanaliita rayolaiti. Lava ya Nyiragongo ina kidogo silika, madini ya kuifanya lava iwe nzito, ndiyo maana 2002 na 2021 ilikimbia kama uji uliomwagika mezani. Ile ya Jodhpur ilikuwa na silika nyingi, nzito, ya kulipuka na kurundikana. Leo ni mwamba mgumu wa kahawia nyekundu, na serikali yao imetenga sehemu zake kuwa urithi wa kijiolojia wa taifa. Juu ya mwamba huo kuna tabaka la jiwe la mchanga, laini kwa tindo. Akili ya wale watu iko hapo: jiwe gumu wakalifanya msingi, lile laini wakalijengea na kulitoboa madirisha ya nakshi ambayo ukiyatazama kwa mbali unadhani ni kitambaa.

Ngome ya Mehrangarh aliianzisha mfalme Rao Jodha mwaka 1459, alipohamisha makao yake kutoka Mandore, kilomita tisa hivi kaskazini. Iko mita 120 juu ya mji. Nilizunguka chini nikitafuta mahali mwamba unapokwisha na ukuta unapoanza, na kuna sehemu nilishindwa kusema. Wanasimulia kwamba mtu mmoja, Rajaram Meghwal, alizikwa hai ndani ya msingi ili ngome isimame, na kumbukumbu yake ipo pale. Mtu wa kazi za misingi akisikia hivyo hacheki.

Lakini wewe usianze na ngome. Anza asubuhi na mapema kwenye mbuga ya mawe iliyo pembeni yake, Rao Jodha Desert Rock Park. Ni kama hekta 70. Zamani eneo lote lilikuwa limemezwa na mti wa kigeni wa miiba, ule ule unaowasumbua Wakenya, wao wanauita mathenge. Tangu 2006 walianza kuung'oa. Shida ilikuwa mizizi, maana imeingia ndani ya mwamba, na ukikata shina linachipuka tena. Basi wakawaita wachimba-mawe wa pale pale, wanaitwa Khandwalia. Watu hao wanagonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza mlio, mlio unawaambia wapi jiwe limepasuka ndani na shimo litachimbika. Niliposimuliwa hilo nilifurahi mpaka mwelekezaji akashangaa. Hata mimi sipasui koro kabla sijaligonga. Katika mashimo yale wakapanda mimea ya jangwani ya kwao, na watu wakafunguliwa mlango 2011.

Njia zina alama za rangi, unachagua fupi au ndefu. Vaa viatu vya soli ngumu. Kuna mmea wa miiba, ndugu wa minyaa yetu, wenye utomvu mweupe: usiuguse ukajifuta macho. Njia moja inapita ndani ya mfereji wa kale uliochongwa kwenye mwamba, kuta zake zinakupita kimo, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote India.

Nitakuambia kwa nini. Sisi Goma tuna ziwa mlangoni na mvua karibu mwaka mzima, lakini makoro yetu yana nyufa na matundu. Mvua inanyesha, inazama, kesho mtoto anabeba bidoni. Wao wana mvua ya miezi michache tu na jua la kukausha kila kitu. Ila jiwe lao halinywi maji! Basi wakalichonga mifereji, maji yanayoteremka mwambani yasipotee, yafike kwenye mabwawa chini ya ngome, Ranisar na Padamsar. Wamefanya hivyo kwa tindo na nyundo. Nilijipima nikaona sisi mafundi wa Goma bado hatujaombwa kazi kamili.

Ule mchezo wa kamba upo, nyuma ya ngome. Kamba ni sita, unapita juu ya mabwawa na kuta za ulinzi, na wanakufundisha kabla ya kukuachia. Nilikagua vifungo na nanga zilivyoshikwa kwenye jiwe, nikaridhika. Lakini nikwambie ukweli, kila kamba inakwisha kabla hujamaliza kupiga kelele. Mtu aliyelala juu ya Nyiragongo asitegemee moyo kusimama. Uzuri wake ni ule mwendo wa miguu kati ya kamba na kamba, kwenye kuta ambazo mtalii wa kawaida hapiti.

Ya mama sasa. Ndani ya ngome kuna lifti, inalipiwa, inampeleka juu bila ngazi, halafu anashuka polepole akipenda. Kuna masimulizi yaliyorekodiwa ya kusikiliza kwa masikio, na Kifaransa kimo. Vyumba vya vioo na maua, matandiko ya tembo, machela ya malkia, yote ni yake, wewe unaweza kumngojea nje kwenye mizinga ya vita. Mwonyeshe tu, kwenye lango la chuma, alama za viganja vya wake wa mfalme Man Singh, waliochomwa pamoja na maiti yake mwaka 1843. Yeye ni mwanamke mzima, atajua la kusema. Mimi sikujua.

Jaswant Thada, jengo la ukumbusho la marumaru nyeupe la 1899, liko karibu na ngome na lina bustani ya kukaa. Soko la mnara wa saa halihitaji maelezo, mama yeyote wa soko la Kadutu ataliongoza yeye mwenyewe.

Na kuna jumba moja ninalolikubali mimi mchukia majumba: Umaid Bhawan. Lilianza 1929 likamalizika 1943, na sababu mojawapo ya kulijenga ni ukame: watu walikuwa na njaa, mfalme akawapa kazi ya ujira. Lina vyumba 347. Mawe yake yamechongwa yaingiane, dume na jike, bila udongo wala chokaa katikati. Mgeni anaingia sehemu ya makumbusho tu, kwingine ni hoteli na familia yenyewe. Ingia, weka kidole kwenye kiungo cha mawe, toka. Saa moja inatosha.

---

Mwana wa Katuba, niko Punjab

Jambo wote. Mimi ni mwanafunzi, nimezaliwa Lubumbashi. Fundi amemaliza mambo ya mawe, niseme ya makaratasi, kwa sababu hayo ndiyo yanayovuruga safari.

Yaya Nabintu, kadi ya njano ya homa ya manjano si ya kubeba kwa heshima tu. Ukitoka Kongo bila hiyo, wanaweza kukutenga hadi siku 6 ukiwa uwanja wa ndege. Na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla, kwa hiyo mama asiiache hadi wiki ya mwisho. Viza muanze nayo mapema kwa ubalozi wao wa Kinshasa. Barua ya chuo ya kuwaalika kwenye sherehe inasaidia, mdogo wako aiombe leo.

Ukikodi nyumba ya wageni, uliza kwanza kama wanapokea watu wa nje ya India. Kwa sheria yao kila mwenye nyumba lazima amwandikishe mgeni kwa serikali, na wenye nyumba ndogo wengine hawataki hiyo kazi. Utafika usiku na mizigo, wanakwambia hakuna chumba, kumbe chumba kipo. Mwenye nyumba akiwa na mazoea na wageni, hata hatafikiri mara mbili.

Pesa: huko mpaka muuza ndizi analipwa kwa simu, lakini pesa ya simu ya kwetu haifanyi kazi huko. Beba rupia ndogo ndogo. Na dola ziwe safi, wewe wa Bukavu hilo hufundishwi.

Treni ya Jaipur–Jodhpur ni kama masaa matano. Kateni tiketi mapema na muombe mama awekewe kitanda cha chini, hawezi kupanda cha juu na magoti hayo.

Kitu kingine, si cha kutisha, ni cha kujua. Mtaangaliwa. Watoto na hata wazee watawaomba picha, mmoja akipata wanakuja ukoo mzima. Wengi ni wema. Mkichoka, mseme hapana kwa tabasamu na mtembee. Kuna wachache wenye maneno mabaya, hao dawa yao ni kupita.

Kuhusu baridi: mwezi wa kumi na mbili mchana ni mzuri, usiku unaweza kushuka hadi kama nyuzi 10. Watu wa Kivu mtakuwa nyumbani. Mwezi wa tano na wa sita ni zaidi ya 40, hapo hata huo mwamba haushikiki.

---

Nabintu wa Nyawera, Bukavu

Aksanti sana, yaani nimesoma mara nyingi. Mzee Kapend usikasirike, Agra tutaiweka akiba.

Fundi, tukiwa na siku nyingine baada ya ngome na mbuga, niende wapi? Mdogo wangu anataka ngamia. Na hicho kisima chenye ngazi nilichokiona kwenye picha, mama atakiweza? Na chakula?

---

Fundi wa Makoro, Goma

Kisima kinaitwa Toorji ka Jhalra, kiko ndani ya mji wa kale, karibu na soko. Kilijengwa miaka ya 1740 na malkia, mke wa mfalme Abhay Singh. Kimechongwa kwa jiwe la mchanga jekundu, ngazi zinashuka kwa ubavu, zinapishana kushoto na kulia mpaka majini. Kwa miaka mingi kilikuwa kimejaa takataka, wakakisafisha. Vijana wa mtaa wanaruka kutoka juu kabisa. Wewe usiruke, Nyiragongo haikufundishi kuogelea. Ngazi hazina mahali pa kushika, kwa hiyo mama akae juu. Kuna vibaraza vya chai vinavyokitazama, ataona yote bila kushuka hatua moja.

Ngamia na matuta ya mchanga: Osian, kilomita kama 65 kaskazini. Kuna mahekalu ya mawe yaliyoanza kujengwa karne ya nane, na hayo kwangu yalikuwa na thamani kuliko ngamia. Ngamia anatikisa kiuno. Mdogo wako atajua siku ya pili.

Lakini kama ni siku moja tu, mimi ningekwenda vijiji vya Wabishnoi, kwa gari la wazi. Mtaona swala weusi wakilisha karibu na nyumba bila kukimbia, kwa sababu hapo hakuna anayewagusa. Hawa watu wana kanuni 29 tangu karne ya kumi na tano, na mojawapo ni kutokata mti mbichi. Mwaka 1730, huyo huyo Abhay Singh alitaka kuni za kuchomea chokaa ya kujengea jumba. Askari wakaenda kijiji cha Khejarli. Mwanamke mmoja, Amrita Devi, akaukumbatia mti, akauawa, mabinti zake wakafuata, na wengine nyuma yao. Jumla walikufa watu 363 kabla mfalme hajasimamisha shoka.

Nimepaka chokaa maisha yangu yote sijawahi kuuliza ilichomwa kwa kuni za nani. Na sisi wa Goma tunajua makala yetu, makaa ya kupikia, yanatoka msitu gani. Sitaongeza hapo, mtu apike na kula kwanza.

Chakula, ndiyo. Mama ataona chapati na kitu kama sambusa, atatulia. Mle mirchi vada: pilipili kubwa iliyojazwa viazi na kukaangwa ndani ya unga wa dengu, inauzwa pale pale sokoni kwenye mnara wa saa. Mnywe lassi nzito ya Jodhpur, ile ya zafarani, ni ya kula kwa kijiko. Nyama si kila mahali, wengi hawali kabisa. Ukiipata ile ya mbuzi iitwayo laal maas, pilipili yake inaweza kumnyamazisha hata mtu wa Kisangani.

Nyumba za buluu: mtaa wa Brahmapuri, chini ya ukuta wa ngome. Kila mtu atakupa sababu yake ya rangi hiyo, huyu Wabrahmani, yule mchwa, mwingine joto. Tembeeni humo asubuhi kabla pikipiki hazijaamka, vichochoro ni vyembamba kuliko vya Birere yetu Goma na motari wao hawapigi honi kidogo.

---

Mzee Kapend, Lubumbashi

Nimesoma. Hayo ya kugonga jiwe na kusikiliza, marehemu baba yangu alifanya vile mgodini. Sawa fundi, Agra nimeinyamazia. Lakini Nabintu, ukienda huko kwenye kamba, mkoba na simu umwachie mama.

---

Nabintu wa Nyawera, Bukavu

Nimemsomea mama jana jioni, yote. Amesema lifti ameikubali, kisima atakitazama na chai, ngamia ni wa watoto, na Khejarli ataenda hata kama ni kwa fimbo. Kamba ya chuma amesema nisithubutu. Hilo tutaongea tukifika.

Na amesema tena: huyo fundi wa Goma kama anajua mawe hivyo, akivuka na boti apite Nyawera autazame ukuta wetu wa nyuma, unaegemea kwa jirani tangu mvua za mwaka jana.

---

Fundi wa Makoro, Goma

Mwambie mama nitapita. Anipimie urefu na kimo, na aangalie kama ufa uko wima au umelala. Ukiwa umelala, watoto wasichezee karibu.